Siku Zuwena Alipomjibu Muzala Wake

Wekeni dau. Weka baiskeli, weka jogoo, weka hata suruali uliyovaa: hii habari hakuna mutu atakayeiamini. Nimeisimulia Kabezi wakanicheka. Nimeisimulia Magara, pale wanapoanika ndagala, dagaa wetu wa ziwa, mama mumoja akaniuliza kama asubuhi ile nilikuwa nimekula. Basi nitaisema vile ilivyokuwa, na asiyeamini abaki na ujinga wake, ni mali yake halali.

Iko habari ya Asmani wa Minago, yule mwenye mashine ya kukamua mawese. Kwa mikono alikuwa mutu wa kawaida tu. Kwa mdomo, toka Rumonge mpaka Kabezi hakuna aliyemfikia. Alikuwa anasema mawese yake yakimwagika barabarani, lami inanenepa. Alisema samaki wa ziwa wanamujua kwa jina, na wakubwa wao wanamusalimia. Shule aliiacha darasa la sita, na ukimuuliza anakuambia: "Tuliachana vizuri tu. Shule ilibaki na watoto, miye nikabaki na akili."

Sasa huyu Asmani alikuwa na muzala wake, Zuwena, binti wa mjomba wake pale Rumonge, mtaa wa Waswahili. Kwetu mutoto wa shangazi na mutoto wa mjomba ni wazala, na wazala ni watani. Muzala anakutukana barabarani mchana kweupe, na weye unapaswa kumutukana zaidi. Akikuita mwizi, unamuita mchawi. Akikuita mchawi, unamuambia arudishe fisi wa watu. Sheria iko moja, na hata mutoto anayenyonya anaijua: utani ni uongo. Ukimuambia kilema kwamba ni kilema, huo si utani tena, umemutukana, na watu watakugeuzia mgongo.

Zuwena hakuwahi kumujibu Asmani hata siku moja. Alisoma Bujumbura akapata lisansi, digrii ya chuo kikuu, akarudi kufanya kazi komini, ofisi ya serikali ya Rumonge, na akatembea mjini kama kwamba barabara ndiyo iliomba ruhusa ya kupita chini yake. Asmani akimuona kwa mbali anapiga kelele: "Mke wangu! Mchawi wangu! Jana ulipitia dirishani, leo unapita kwa mlango?" Soko lote linageuka. Zuwena anasimama, anarekebisha kitambaa cha kichwa, anasema:

"Bonjour, Asmani."

Bonjour! Mutu umemuita mchawi mbele ya watu, anakujibu bonjour kama uko nzi amekaa kwenye sahani. Hilo lilimuuma Asmani kuliko kofi. Na kulikuwa na jingine chini yake. Mjomba alikuwa fundi cherehani, na cherehani moja inasomesha mutu mumoja. Ilimusomesha Zuwena, Asmani akakomea darasa la sita. Asmani akaenda zake kukamua mawese, lakini hakusahau.

Mwaka ule vita ilikuwa imeshazoea kwetu kama mgeni asiyejua kuaga. Kwenda Bujumbura ni kwa konvwa, msafara wa magari na askari. Asubuhi askari wanatangulia kupekua barabara, ndipo barieri ya barabarani inafunguka na magari yanafuatana, moja kwenye mkia wa jingine. Siku wakipigwa mbele, hakuna kutoka. Usiku hakuna kuvua, wavuvi wanaingia ziwani jua likiwaka, na ndagala wa mchana unawajua, ni wa kubahatisha. Milimani juu ya Minago walikuwa vijana wa bunduki. Kule bondeni walikuwa askari. Sisi tulikuwa kati, kama nyama ndani ya mkate.

Na Asmani alikuwa anawauzia mawese wale wa mlimani. Tuseme wazi, tusizunguke. Bidoni, yaani madumu ya mafuta, zilipanda kwa baiskeli, zikarudi tupu, na hela ikarudi nazo. Mwanzo walikuja wakamuambia atoe, na mutu mwenye akili anamuelewa haraka mutu mwenye bunduki. Baadaye akaona wanalipa vizuri. Minago yote ilijua, Rumonge nusu yake ilijua, vile watu wanajua nani anakoroma kwenye nyumba ya jirani. Hakuna aliyesema. Hata kwenye utani hakuna aliyegusa hapo, kwa sababu ilikuwa kweli.

Zuwena yeye alikuwa na shughuli yake. Pale komini alikuwa anaandikisha watu waliokimbia vijiji. Anaandika jina, anagonga kashe, yaani muhuri, na maharage ya msaada yakifika yanakwenda kwa watu ambao hawakukimbia popote, wamelala kwao vitanda vizuri. Akasema amechoka kugonga kashe juu ya njaa ya watu. Akaomba nafasi kwenye shule moja ya juu ya utawala, mbali kule Afrika ya magharibi, mahali unapokwenda ukishamaliza lisansi, kusoma namna serikali inavyopangwa na inavyopaswa kuendeshwa.

"Kuendeshwa?" Asmani alisema alipopata habari. "Miye nilifikiri inaanguka yenyewe."

Zuwena akaenda Bujumbura na konvwa, akarudi, akaenda tena. Kopi za diplome, kashe juu ya kopi, kashe juu ya kashe, waraka wa mukubwa wake wa kazi, waraka wa mwalimu wake wa zamani. Safari moja gari la mbele yao lilichomwa, na yeye akafika mjini na moshi kwenye nguo, akaingia ofisini hivyo hivyo akaweka dosiye ya karatasi zake mezani. Asmani aliposikia hiyo akasema labda walitaka kumupika wakaona hana mafuta.

Ikabaki kitu kimoja: ankete, yaani kuchunguzwa. Kwa sababu ya vita, kabla ya kumulipia mutu masomo ya nje, wakubwa wanatuma mutu wao aulize nyumbani kwao: huyu ni mwema? Ana mikono misafi? Mutu huyo akisema ndiyo, unaenda. Akisema hapana, basi. Na hapana ya wakati ule haikuishia kwenye masomo.

Mutu wenyewe akafika. Jina lake Hyacinthe, anatoka Ruyigi, mbali na ziwa na utani wetu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, sakoshi ya karatasi kwapani, viatu vimejaa vumbi la konvwa. Akafika siku ambayo Bibi Kadidja amekufa.

Bibi Kadidja alikuwa mama wa fundi cherehani, na mama wa Mariyamu, aliyemzaa Asmani. Kwa hiyo alikuwa bibi yao wote wawili. Hyacinthe akauliza komini, akaambiwa Waswahili wote wako matangani, nenda huko utawakuta. Akaenda.

Sasa kwenye maziko mtani ana kazi. Mtani asipokuja kuharibu, watu wanasema marehemu hakuwa na ndugu. Asmani alikuja toka Minago ameshajiandaa. Akavaa kitenge cha Bibi, akashika fimbo ya Bibi, akakohoa kikohozi cha Bibi, mpaka wanawake waliokuwa wanalia wakashindwa kujua walie au wacheke. Jeneza lilipobebwa, akajitupa chini mlangoni, akalala kwa upana.

"Jeneza halipiti! Nani ameniulia mke wangu?"

"Ondoka, mjinga weye!" watu wakasema, na kila mumoja anangoja jibu.

"Namujua aliyemuua! Ni Zuwena! Kila siku: 'Bibi, amka, pika, wageni wangu wa mlimani wamefika, wana njaa, na bunduki zao zina njaa!' Bibi amepika mpaka mgongo umekatika! Sufuria za Zuwena zinapanda mlima zenyewe, zimeshajua njia! Haya, sasa Bibi hayupo, jeshi lako litakula nini, mchawi weye? Utawapa bonjour?"

Watu walicheka mpaka wabeba jeneza wakayumba. Walicheka mara mbili, kwa sababu walijua ni ya nani yale yanayopanda mlima. Kuchukua yako na kuyabandika kwa mwenzako, hapo ndipo utani unakuwa mtamu. Fundi akampa Asmani kitambaa na kipande cha sabuni, ndiyo haki ya mtani, naye akaondoka mlangoni, jeneza likapita.

Mutu mumoja hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na mafiga, sakoshi kwapani, na kalamu ilikuwa imeshatoka.

Wanaume waliporudi toka makaburini, Asmani alikuwa ananawa miguu nyuma ya uzio wa matete, akasikia sauti upande wa pili. Akafunga maji.

"Madame," Hyacinthe alikuwa anasema, "nimekuja kuuliza watu habari yako. Sijauliza bado, wameshajibu."

"Ni utani, monsieur," Zuwena akasema. "Yule ni muzala wangu. Ni desturi."

"Miye nasikia Kiswahili. Si mujinga. Amesema unapikia waasi."

"Amesema kwa kuchekesha."

"Mbele ya maiti?" Sauti ya Hyacinthe haikupanda, na ndiyo ilikuwa mbaya. "Kwetu mbele ya maiti mutu anavua kofia. Mwenye deni na marehemu anasimama analisema. Mwenye kosa analisema. Hakuna anayedanganya mbele ya maiti, madame. Hakuna."

"Kwetu ndipo pahali pa kudanganya."

"Basi kwenu ni pabaya."

Zuwena akaanza kumueleza kwa Kifaransa, haraka haraka, maneno marefu yanagongana. Hyacinthe akamukata.

"Iko vita. Nikiandika huyu ni mwema, kesho ikaonekana vingine, nani atafungwa? Ni miye. Barabara ya kurudi Bujumbura imefungwa nyuma yetu. Konvwa ikitoka, nitaondoka nayo. Kabla ya hapo yule mutu aje aseme kwa mdomo wake kwamba amedanganya. Asipokuja, ninaandika nilichosikia. Amahoro," akaaga kwa Kirundi.

Asmani nyuma ya uzio alikuwa anatabasamu peke yake na miguu inadondosha maji. Tangu azaliwe, siku ile ndiyo mara ya kwanza Zuwena alimuhitaji.

Kesho yake Zuwena akaja. Alikuja Minago amekaa kwenye karyeri ya baiskeli, amenyooka mgongo kama yuko kwenye kiti cha ofisi. Asmani alikuwa kwenye mashine, na Mulamba, kijana wa kazi aliyetoka Kivu, alikuwa anakoroga pipa la mawese juu ya moto.

"Bonjour, Asmani."

"Mulamba! Umesikia? Bonjour imefika mpaka Minago. Fungia kuku wasiidonoe."

"Twende Rumonge ukamuambie yule bwana kwamba ulikuwa unatania."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote, lakini tuanze na siwezi. Mtani akiomba radhi, utani umekufa. Nikienda kwa yule mutu wa vifungo kumuambia 'samahani, nilidanganya,' hapo miye na weye si wazala tena. Ni watu tu waliokutana barabarani."

"Na sasa sisi ni nini, kama si watu waliokutana barabarani?"

Mulamba akaacha kukoroga. Asmani naye lilimuingia, lakini hakuwa mutu wa kuonyesha pahali panapouma.

"Koroga weye, yataungua!" Akamugeukia Zuwena. "Ulikuwa unataka nini kule ugenini? Kujifunza kutuongoza? Hujui hata kutusalimia."

"Akiandika kwamba ninapikia waasi, si shule tu inayopotea. Unajua watu wanaoandikwa hivyo wanapelekwa wapi? Ni shingo yangu, Asmani."

"Shingo yako ndefu, itawachukua muda."

Zuwena alimutazama. Hakulia, usifikiri. Macho yalikuwa makavu kama mawe ya ziwa wakati wa kiangazi.

"Nakuchukia," akasema. "Huu si utani. Nakuchukia toka utotoni. Kila nilipopita ulihakikisha soko zima linanicheka, nikawa napitia njia ya nyuma kwenda shule na kurudi. Sikukujibu kwa sababu ningefungua mdomo ningesema ninachofikiri kweli juu yako."

"Ahaa!" Asmani akapiga paja. "Hapo! Umeanza vizuri! Ongeza hivyo hivyo, lakini kesho, mbele ya watu, na iwe uongo."

"Unasema nini?"

"Kesho ni hitima ya Bibi. Mji wote utakula pale. Muite na huyo bwana ale. Usimame unijibu. Unitukane mpaka watu wamwage pilau. Akiona wawili wanatukanana na wote wanacheka, hata mutu wa Ruyigi ataelewa ni mchezo. Radhi sitaomba. Lakini jibu nitalipokea."

"Sijui kutukana."

"Una lisansi!"

"Hawafundishi."

"Ndiyo maana serikali iko vile."

Zuwena akapanda karyeri bila kuaga. Baiskeli ilipopotea kwenye michikichi, Mulamba akasema polepole, macho kwenye pipa:

"Patron, na akisema ya mlimani?"

"Ile ni kweli. Kweli haingii kwenye utani."

"Na akiisema?"

"Mulamba, weye ni mgeni. Yule ametoka tumbo la hapa. Hata kama ananichukia mpaka kwenye kucha, mpaka wa utani anaujua."

Siku ya hitima watu walijaa uani kwa fundi. Kisomo kikaisha, sinia za pilau zikatoka. Hyacinthe akakalishwa mkeka wa heshima, vifungo bado mpaka kooni, anakula kwa kijiko walichomutafutia. Karibu naye alikaa ajida, mukubwa wa kituo cha askari. Huyo alikuwa Rumonge miaka, hakukosa karamu hata moja, na utani wetu aliujua kuliko waliooa kwetu. Mtani akifungua mdomo, ajida ndiye anatangulia kucheka, tumbo lote linatikisika.

Zuwena akasimama. Asmani alikuwa amekaa mbele kabisa, amekunja miguu, uso unang'aa kama bwana harusi.

"Ndugu wapendwa," Zuwena akaanza, "Asmani ni mutu asiye na nidhamu."

Mutu mumoja akakohoa. Kijiko cha Hyacinthe kikasimama hewani, na uso wake ukasema nilijua tu.

"Eeh, mama komini!" Asmani akapaza sauti. "Gonga na kashe basi!"

Watu wakaangua kicheko, lakini walikuwa wanamucheka Zuwena. Zuwena akavua kitenge cha mabegani, akajifunga kiunoni, akakaza fundo. Shangazi yake Mariyamu, mama wa Asmani, akasema: "Heee."

"Basi niwaambie kwa nini aliacha shule," Zuwena akasema, na sauti haikuwa ile ya ofisini. "Mbuzi alimulia madaftari yote. Mwisho wa mwaka mbuzi akafaulu, Asmani akabaki!"

Uani palilipuka. Asmani alirudi nyuma kama amepigwa risasi, akalala chali, anapiga mkeka kwa mikono. Alikuwa ameungoja huo mutukano toka ana meno ya utoto.

"Siku aliyozaliwa, mkunga alimugeuza, akamugeuza, akauliza: Mariyamu, hiki ni kichwa au ni bidoni? Shangazi yangu akasema: tia mawese tuone kama inavuja. Wakatia! Ikavuja mdomoni, na mpaka leo haijazibwa!"

Wazee walikuwa wanajifuta macho kwa kanzu. Ajida alikuwa amemwaga maji. Na Hyacinthe, jamani, Hyacinthe alikuwa amefungua kifungo cha juu. Anamutazama Asmani anayetukanwa, anamuona anafurahi. Anamutazama Zuwena, anawatazama watu. Mutu alikuwa anaelewa, ungeona kabisa vile kuelewa kunavyomupanda toka shingoni.

Wangeishia hapo, ningekuwa sina cha kusimulia. Lakini Zuwena alikuwa amekunywa kicheko cha watu kwa mara ya kwanza, na mutu asiyezoea hajui kuacha. Akatafuta jingine. Akachukua lile lile alilotupiwa mlangoni mwa Bibi, akamurudishia Asmani mwenyewe.

"Na mimi ndiye napikia wa mlimani? Mimi? Muulizeni bidoni zake! Mumeona hata siku moja bidoni za Asmani zinashuka na mawese? Zinapanda! Zinapanda zimejaa, zinarudi tupu, mufuko wake ndio unarudi umejaa! Wale vijana wanamuita Baba! Bila mawese ya Asmani hawana nguvu hata ya kubeba bunduki!"

Akafungua mikono, anacheka, anangoja uani pacheke naye.

Hakuna aliyecheka. Kila mutu alikuta kitu cha kutazama kwenye sahani yake. Mutoto mumoja aliuliza "nini?" mama yake akamuziba mdomo.

Hyacinthe peke yake akapiga makofi. "Ego! Ego! Ndiyo!" anasema, machozi yanamutoka kwa kucheka. "Sasa nimeelewa! Ni uongo wote! Sufuria, mawese, vyote uongo! Ah, nyinyi watu wa ziwa!"

Ajida alikuwa na kipande cha nyama mkononi. Hakumutazama Asmani hata kidogo. Aliwatazama watu, mumoja mumoja, wale walioinamisha kichwa. Kisha akairudisha nyama kwenye sinia, akapangusa vidole, akasimama.

"Murakoze, asante kwa chakula," akasema.

Asmani alijua la kufanya. Cheko moja tu, mutukano mumoja wa kurudisha, na ingepita, ajida angerudi kwenye nyama yake. Akafungua mdomo, ule ule uliokuwa unanenepesha lami na kusalimiana na samaki. Hakukutoka kitu. Alimutazama Zuwena amesimama pale na kitenge kiunoni, bado anatabasamu, akasema moyoni: amejua. Amengoja miaka yote hii, na amechagua siku.

Akatoka kwa mlango wa jikoni. Hakupita Minago kuchukua hata shati. Pale pwani wavuvi walikuwa wanasukuma mtumbwi kwenda kuvua, jua liko juu, akaingia akalala chini, wakamufunika wavu. Kabla jua halijazama alikuwa upande wa Kongo, amelowa, ananuka ndagala, hana kitu.

Askari walifika Minago saa hiyo hiyo. Waliangusha mapipa, mawese yakatiririka mpaka barabarani, na lami haikunenepa. Mulamba walimushika wakamupiga vibaya, kisha wakamuachia, naye akatafuta njia ya kwao.

Zuwena aliondoka na konvwa iliyofuata, ndani ya gari moja na Hyacinthe, ambaye njia nzima alikuwa anasimulia habari ya mbuzi aliyefaulu. Ankete ilikuwa nzuri kupita zote. Shule ikamuchukua. Kwenye barieri hakuna aliyekuja kumusindikiza isipokuwa baba yake, na watu waliokuwa wanauza ndizi pale walimugeuzia mgongo.

Asmani alikaa mji wa Baraka, kule Kongo, akafanya kazi ya kubeba mizigo ya wengine. Kuongea hakuacha, ila habari ilibaki moja. Alimusimulia kila aliyekaa karibu naye: muzala wangu aliniuza kwa diplome. Aliniuza mbele ya sinia ya pilau, anacheka. Na jina la Zuwena akilitaja, alilitemea mate pembeni. Hakumuita mchawi tena, wala mke wangu. Alimuita yule mwanamke. Alisema akimukuta barabarani atamuua, na hakusema kwa kuchekesha.

Vita ilipopoa kidogo na mitumbwi ya abiria ikaanza tena, mama yake Mariyamu akavuka kumuona. Alimukuta amekonda. Akamupa shati, akamupakulia ugali, na Asmani kabla hajameza tonge la kwanza akaanza na yule mwanamke.

"Nyamaza ule," mama akasema.

"Alijua, mama! Alipanga! Mutu mzima anajua mpaka wa utani!"

Mariyamu alikaa akimutazama. Kisha akasema:

"Siku ile ulipokimbia, alikuja kwangu. Kitenge bado kiko kiunoni. Akaniuliza: 'Shangazi, mbona hawakucheka? Nimekosea wapi?'"

"Alikuwa anakukejeli."

"Na miye nilifikiri hivyo. Nikamufungia mlango. Akaenda kwa jirani, akauliza hayo hayo. Akaenda nyumba ya tatu. Wote wakamufungia. Alizunguka mtaa mzima anauliza kosa lake, kama mutu aliyepoteza ufunguo. Baadaye nikawaza, Asmani. Yule mutoto alikaa na nani? Alipita njia ya nyuma, akafunga mlango wa ofisi, hakusikiliza maneno ya soko. Nani angekuwa amemuambia habari ya bidoni zako?"

Asmani alishika tonge mkononi.

"Na sasa anajua?"

"Nani amuambie? Fundi haongei, na sisi hatumuandikii. Yuko huko anasoma serikali."

Asmani akarudisha tonge kwenye sahani. Mama akangoja, maana kwa mutoto yule neno halikosi.

"Nilikosea," akasema. "Alikuwa hajui."